Maji ya Loki

Nguruwe-mwitu alikuwa amenasa kwenye lango la juu la loki, lile birika refu la zege la kupandishia meli mtoni, amevimba kama gunia la mkaa, miguu yote minne imeelekea mbinguni. Mwenda aliziba pua kwa kiwiko. Kwa miezi miwili alikuwa akitembea kifua mbele kwa sababu watu walikuwa wameanza kumwita Injinia tena, na sasa, kwa mara ya kwanza, alitamani wangemwacha abaki nesi.

"Ptuu!" Salvator alitema mate pembeni. "Ndugu, hii ndiyo maji watu watabatizwa Jumamosi?"

"Ndiyo hayo."

"Hii hii?"

"Salvator, si nimekwambia ndiyo hayo!"

Salvator alikuwa Mrundi wa mtaa wa Vickery Meadow, Dallas, Mkatoliki asiyekosa misa ya kwanza, mtu wa maghala siku tano za wiki na mtu wa mahema siku mbili. Harusi ya Wakenya, kipaimara cha Warundi, matanga ya Wakongo, hema na viti vilikuwa vyake. Alhamisi hiyo walikuwa wamekuja pamoja kupima mahali pa kusimamisha hema. Badala ya kupima walisimama juu ya ukuta wa zege wakitazama uchafu.

Na uchafu ulikuwepo, jamani, usiombe. Povu la rangi ya chai iliyolala. Chupa, matairi, kiatu cha mtoto, nepi iliyofumuka ikielea taratibu ikijizungusha. Maji yenyewe huwezi kusema yalikuwa na rangi gani. Yalikuwa na unene. Mvua kubwa ya Jumatatu ilikuwa imezoa kila kitu kutoka mitaa ya juu, na Mwenda hakuhitaji kuambiwa kwamba mvua ya namna ile ikinyesha, mabomba ya vyoo nayo hufurika. Vyote vilivyoshuka viliingia humu vikakaa.

Na ni yeye aliyewaleta watu hapa. Hilo lilimkera kuliko harufu.

Sikia basi alivyojichimbia shimo. Kule nyumbani Kenya Mwenda alikuwa injinia wa maji hasa, si wa kubandikwa jina. Miaka tisa alifanya kazi kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea, akifungua na kufunga milango ya mifereji, akijua kwa kuangalia tu jani linavyoelea kwamba shamba la fulani litakuwa limekauka kufikia Ijumaa. Alipofika Texas, digrii yake ilitazamwa kama tiketi ya basi la jana. Nyaboke, mkewe, Mkisii asiyejua kuzunguka maneno, tayari alikuwa nesi. Akamwambia, "Baba watoto, hiyo karatasi ifungie sandukuni, ingia darasani kama sisi wengine." Akaingia. Sasa alikuwa nesi wa vidonda katika nyumba moja ya wazee huko Grand Prairie, na kazi aliiweza. Wazee walimpenda. Lakini kila aliposikia "Nesi Mwenda" kuna kitu ndani kilimfinya, na hakuwahi kumwambia mtu.

Mwezi wa nne kanisa lao lilienda kuchoma nyama kwenye bustani moja kando ya mto, kusini mwa Dallas. Wenzake wakibishana kuhusu chumvi, yeye akafuata kijia cha msituni, akakutana na loki. Alisimama. Kuta mbili za zege zilizotazamana, ndefu kuliko ukumbi wao wa ibada mara tatu, nyembamba juu na nene chini jinsi ukuta wa kubeba maji unavyotakiwa uwe. Alama za mbao walizomwagia zege bado zilisomeka, ubao kwa ubao. Katika kila ukuta kulikuwa na kishubaka kirefu ambamo lango lingejikunja na kulala ili meli ipite. Juu ya yote hayo kulikuwa na daraja la chuma la kuzunguka, limekalia nguzo moja ya duara, na miguuni pa nguzo gurudumu la meno. Mtu mmoja mwenye mtaimbo angelisukuma gurudumu lile, daraja zima likageuka na kuipisha meli. Mwenda alipitisha kidole kwenye yale meno. Bado yalikuwa makali. Pete za kufungia kamba za meli hazikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Miaka mia na zaidi, na hakuna kamba iliyowahi kuzigusa.

Alirudi mbio kuwaita watu. Akawasimulia, wao wameshika mifupa mkononi: kwamba zamani wakubwa wa Dallas walitaka bahari iwafuate nyumbani. Meli zitoke ghubani kule Houston, zipande mto, loki baada ya loki, zije kubeba pamba hapa. Akawaonyesha jinsi chombo kingeingia upande wa chini, lango likafungwa nyuma yake, maji yakaachiliwa kutoka juu kupitia mifereji iliyojengwa ndani ya kuta, chombo kikainuka polepole bila mtu kukisukuma, halafu lango la juu likafunguka. Kisha reli ikachukua mzigo, mto ukawa unakauka kila kiangazi, wakubwa wakachoka, wakaacha zege lao msituni. Kwenye bamba la chuma waliandika majina yao. Waliolibeba zege lenyewe mabegani hawakuandikwa popote.

Alimaliza. Hakuna aliyecheka. Pasta Otieno alikuwa amefumba macho.

"Mtu anaingia akiwa chini," Pasta alisema, "lango la zamani linafungwa nyuma yake, maji yanamwinua, anatokea juu! Injinia, hiyo ni injili! Na mto huu unaitwaje?"

"Trinity."

"Utatu!" Pasta alipiga makofi. "Wapendwa, mnasikia? Utatu!"

Yakaanzia hapo. Kanisa lilikuwa na tangi lake la ubatizo, safi, la maji ya uvuguvugu, linasuguliwa kwa klorini na Nyaboke mwenyewe. Tangi likasukumwa kona. Mwaka huu watu wangebatizwa kwenye loki, wakionyeshwa moja kwa moja kwenye simu, Askofu akitoka kanisa mama la Stafford, kando ya Houston, na vani mbili za waumini. Watu wa Houston wapande hadi Dallas, Pasta alisema, safari iliyozishinda meli. Na kwenye ratiba iliyochapwa kwa rangi, kati ya nyimbo na mahubiri, palikuwa na mstari: Historia na Ujenzi wa Loki, Inj. Mwenda, dakika kumi. Alivikwa kilemba cha ukoka, na kikamkaa vizuri, akakivaa hadi kazini. Ile ratiba aliibandika kwenye mlango wa kabati lake.

Yangeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini mmoja wa waliojiandikisha kubatizwa alikuwa mama yake.

Mama Kagendo alikuwa na miaka sabini na mmoja, mjane, amekuja kutoka Meru kuwatembelea, na alibakiwa na wiki mbili tu arudi. Marehemu mumewe alikuwa mzee wa kanisa aliyeshikilia kwamba kunyunyiziwa maji utotoni kunatosha, na mama alimheshimu hadi kaburini. Sasa alitaka kuzamishwa mzima mzima, hata mara moja, kabla naye hajaitwa. Hakuna ubaya wowote hapo. Ubaya ulikuwa kwenye mguu wake wa kushoto. Alikuwa na kisukari, na chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda alichotoka nacho Kenya. Kila jioni baada ya kula, Mwenda alipiga magoti mbele ya kiti chake, akakiosha kwa maji ya chumvi, akakifunga shashi na bendeji. Miezi mitatu. Kilikuwa kimepungua kutoka ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini hadi punje ya dengu. Daktari alikuwa amesema bila kuficha: kikiingia uchafu sasa, kidole kitakatwa, na wa kisukari akianza kukatwa huwezi kujua kisu kitasimama wapi.

Kwa hiyo Alhamisi ile, akimtazama nguruwe, Mwenda alijua kila kitu cha kujua. Hakuna mtu Texas nzima aliyeyajua maji yale kumshinda, na hakuna aliyekijua kidonda kile kumshinda.

"Utamwambia pasta wako," Salvator alisema. Hakuwa anauliza.

"Nitamwambia."

Salvator alichukua nguzo ya hema, akamsukuma nguruwe kwenye gogo lililokuwa limemshika. Ngozi ilichanika. Kilichotoka hapo sikitaji, ila Mwenda, aliyezoea vidonda vya wazee vilivyooza hadi mfupa, aliinama akatapika chai yake ya asubuhi juu ya zege la kihistoria. Mzoga ulizama nusu, ukaibuka, ukazungukia ukutani na kujificha chini ya daraja.

"Sasa haonekani," Mwenda alisema akijifuta mdomo.

"Kutoonekana si kutoka," Salvator alimjibu. "Bado yuko ndani."

"Usimwambie mtu kwanza. Niachie mimi."

Salvator akaanza kupima mahali pa hema, upande upepo unakotoka.

Ijumaa jioni Mwenda alimkuta Pasta Otieno ukumbini akihesabu kanzu nyeupe, kumi na moja. Njiani alikuwa amejipanga vizuri, neno kwa neno.

"Pasta, yale maji ya kule si mazuri."

"Si mazuri namna gani?"

Neno lilikuwa pale pale, mdomoni. Nguruwe. Silabi tatu tu. "Yametibuka," Mwenda alisema. "Kwa sababu ya mvua."

Pasta alicheka akamshika bega. Hakuwa mtu mbaya, Pasta Otieno; aliwahi kulala hospitalini siku nne na mgonjwa asiye na ndugu. Lakini kitu kikishamwingia kichwani, hakitoki. "Hata Yordani ulikuwa na tope, ndugu yangu. Naamani mwenye ukoma alijichovya mara saba akapona. Au unaogopa kuongea mbele ya Askofu? Usiogope. Amesikia habari zako, ametaka akusikie zaidi. Nimekuongezea. Dakika ishirini."

Ishirini! Mwenda alimeza mate, na pamoja nayo akammeza nguruwe mzima.

Nyumbani Nyaboke alikuwa akijiandaa kwenda zamu mbili mfululizo. Angekuwa hospitalini hadi Jumamosi jioni. "Umeyaangalia hayo maji kwa ajili ya mguu wa Mama?" aliuliza akitafuta kiatu.

"Nimeyaangalia."

Ukilitazama vizuri, jibu hilo halikuwa uongo. Ndiyo maana lilinuka.

Asubuhi ya Jumamosi alimfunga mama yake mguu. Bendeji kwanza, juu yake karatasi ya nailoni ya kufunikia chakula, juu yake mfuko wa plastiki mzito, tepu ikazungushwa kifundoni mara nne. Alijiambia kwamba hakuna tone litakalopita. Kazini kwake aliwahi kumkaripia nesi mwanafunzi hadi akalia, kwa kutaka kumwogesha mzee mwenye kidonda akiwa amefungwa vivyo hivyo. Hilo nalo alilikumbuka, akaongeza tepu.

"Haya yote ya nini?" Mama Kagendo alicheka. "Unanifunga kama kuku wa kupelekwa safari."

"Bendeji isilowe, Mama."

"Sawa daktari wangu."

Kufika saa nne jua lilishakuwa kali. Vani za Stafford zilikuwa zimefika, akina mama wakitoa sufuria za pilau, wengine wakipiga picha chini ya daraja la chuma. Upepo ulikuwa mzuri kwao. Salvator alikuwa amepanga viti kwa akili. Harufu ilikuja kidogo kidogo, ikapita, na watu wakasema ni msitu.

Mwenda akaitwa. Akasimama juu ya ukuta, suti imemkaa, akaongea. Na haki ya Mungu aliongea vizuri! Aliwaonyesha unene wa kuta, vishubaka vya malango, pete zisizojua kamba. Aliwaeleza meno ya gurudumu ambayo hayakuwahi kusaga kitu. Askofu alisogeza kiti mbele. Mama Kagendo, ndani ya kanzu nyeupe, mguu mmoja wa plastiki, alimtazama mwanawe bila kupepesa. Tangu siku ya mahafali hakuwahi kumwona amesimama hivyo. Mwenda alizama kwenye kazi yake ya zamani hata akasahau alikuwa anaficha nini.

"Loki hai ni njia," alisema. "Maji yanaingia juu, yanatoka chini. Hii ilikufa. Lango la juu limekwama kwa magogo, na limeachia upenyo. Lango la chini limezibwa na matope. Kwa hiyo mafuriko yakija maji huingia, lakini hayatoki. Yanakaa humu humu hadi jua liyanywe."

Walipiga makofi. Askofu akamshika mkono kwa mikono miwili. "Injinia," alisema, "Mungu hakukuleta huku bure."

Ndipo Pasta Otieno akatokea nyuma ya vani, amevaa suti ya mpira ya wavuvi, ile ya kuvutwa hadi kifuani na kufungwa mabegani kwa mikanda. Mwenda aliutazama ule mpira. Huyu naye alijua. Labda si kuhusu nguruwe, lakini pua alikuwa nayo kama kila mtu.

Palikuwa na ngazi za zege upande mmoja, nazo ziliishia kwenye jukwaa pana chini ya maji, kina cha kiuno. Wa kwanza kuzama alikuwa kijana wa chuo. Akaibuka na uzi wa kijani shingoni, watu wakashangilia. Wa pili mama mmoja wa Grand Prairie. Wa tatu alikuwa Annick, dada mdogo wa Kirundi aliyekuja na watu wa Stafford, ambaye alishtuka Pasta alipomlaza akafungua kinywa. Mwenda alisikia. Umbali wa hatua tano, nyimbo zinaimbwa, alisikia koo la Annick likimeza. Aliibuka anakohoa, anacheka, povu la rangi ya chai limemkaa mdomoni, akajilamba.

Mate yalimjaa Mwenda kinywani, yale mepesi yanayotangulia kutapika. Hakufanya kitu. Alikuwa akishikilia mkono wa mama yake, wa nne, na wakashuka ngazi moja, ya pili, ya tatu.

Kwenye ya nne Mama Kagendo akasimama.

"Mwenda."

"Naam, Mama."

"Umesema maji haya hayatoki?"

"Twende, Mama, wanangoja."

"Nakuuliza kitu ulichofundisha wewe mwenyewe. Nilikusikiliza vizuri. Umesema yakiingia hayatoki." Aliongea Kiswahili, taratibu, kwa sauti ya kawaida, na waliokuwa karibu waliacha kuimba. "Basi uchafu ukiingia unaenda wapi?"

Mwenda alitazama viatu vyake. "Unakaa."

"Na umeingia uchafu gani?"

Mama alinusa, mara moja tu, kama anavyonusa maziwa. Upepo ulikuwa umegeuka. Kisha akauinua mguu wake wa kushoto, akautazama ule mfuko, tepu juu ya tepu.

"Kwa hiyo ulijua," alisema. "Tangu lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi. Ndiyo maana mimi nina mfuko." Akanyoosha kidole kwa Pasta. "Na Pasta ana mpira hadi kifuani." Kisha akageuka, akawatazama wale saba waliopanga mstari juu ya ngazi kwa kanzu nyeupe, miguu mitupu, na wale watatu waliolowa, nywele zikichuruzika. "Hawa je, Mwenda? Hawa mifuko yao iko wapi?"

Wimbo ulikufa kabisa. Kuna mtu alishusha simu.

Mwenda angeweza kusema mengi. Angeweza kusema hakutaka kumwaibisha Pasta, na mtu angeamini. Lakini alijua kwamba alinyamaza kwa ajili ya dakika ishirini. Alikuwa amemfunga mama yake plastiki na kuwaacha kumi wazima wazima ili asikose kuitwa jina.

"Kuna nguruwe," alisema.

"Sema kwa nguvu," mama yake alimwambia.

"Kuna nguruwe aliyeoza chini ya daraja! Na maji ya vyoo. Msiingie. Samahani. Msiingie tena."

Ikawa patashika. Mama mmoja alipiga unyende. Yule kijana wa chuo alivua kanzu pale pale akaitupa kama ina moto. Waliotazama chini ya daraja walitamani wasingetazama, kwa sababu mawimbi ya wabatizwaji watatu yalikuwa yamemtoa mzoga mafichoni, na sasa ulikuwa ukija polepole kuelekea jukwaani, tumbo mbele. Pasta Otieno alitoka majini mbio kadiri suti ile ilivyomruhusu. Askofu alichukua viatu vyake kimya kimya akaelekea kwenye vani.

"Mama, tusimzuie Roho," Pasta alisema akihema, basi tu aseme kitu.

"Roho simzuii, mwanangu," Mama Kagendo alimjibu. "Namzuia nguruwe. Mna tangi zuri kule ukumbini. Kesho utanibatiza kwenye hilo tangi, na wewe uvue huo mpira."

Alipanda ngazi peke yake, ameshika ukuta. Mwenda alipomnyooshea mkono, alimpita akashika wa Salvator.

Jioni, baada ya kula chakula ambacho Mwenda hakukigusa, alitayarisha kama kawaida: bakuli, maji ya chumvi, shashi, bendeji mpya. Akapiga magoti mbele ya kiti. Mama Kagendo aliuvuta mguu wake nyuma, chini ya kiti, mahali asipoufikia.

"Nyaboke," aliita. Nyaboke alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu, bado amevaa nguo za kazi, na habari zote alishazipata kwenye simu kabla hajafika kwenye gari. "Njoo unifunge, mwanangu."

"Mama, mimi ndiye ninayekijua hicho kidonda," Mwenda alisema. "Miezi mitatu, Mama."

"Najua. Na ulikuwa unakipeleka kwenye choo." Hakupandisha sauti. "Nikikuona na hiyo shashi nasikia kichefuchefu. Labda kesho itaniisha. Leo bado."

Nyaboke alichukua bakuli mkononi mwake bila kumtazama usoni. Mwenda alibaki amepiga magoti, hana cha kushika.

"Wale watatu umewapigia?" mama aliuliza.

"Bado."

"Unangoja waugue?"

Alitoka akakaa kwenye ngazi za nje. Alimpigia kwanza Annick. Simu iliita mara moja tu.

"Injinia! Bwana asifiwe!" Sauti yake ilikuwa ya furaha kabisa, mtu aliyekwisha kusamehe au ambaye hajaelewa. Nyuma yake kulisikika vani ikinguruma. Walikuwa wamechelewa kuondoka Dallas, bado wako njiani kurudi Stafford. "Mimi nilipenda hotuba yako, kweli. Wengine wanasema tu."

"Siyo Injinia," Mwenda alisema. "Ni Mwenda, nesi. Dada, nisikilize vizuri, na usinifiche kitu. Yale maji, uliyameza mafunda mangapi?"

Annick alianza kuhesabu kwa sauti, akafikia matatu, akaanza kukohoa. Halafu Mwenda akamsikia akimwambia dereva asimamishe gari.